Jarida au Shajara? Neno Moja la Kigeni na Mipaka ya Tanzu za Kiswahili

Neno la Kiingereza journal limebeba mizigo mingi. Kwa mwanachuo ni chapisho la kitaaluma litokalo kwa vipindi. Kwa msafiri au mfungwa ni daftari la kumbukumbu za kila siku. Kwa mhasibu ni kitabu ambamo miamala huingizwa kwa tarehe kabla ya kuhamishiwa kwenye leja. Kwa mhandisi ni sehemu ya mhimili inayozunguka ndani ya beringi. Maana hiyo ya mwisho ikiwekwa kando, zilizosalia zina dhana moja, yaani siku, kwa kuwa neno lenyewe lilipitia Kifaransa kutoka katika neno la Kilatini lenye maana ya jambo la kila siku. Makala haya yanadai kwamba Kiswahili, kwa kukosa neno moja linalojumuisha maana zote hizo, hakikupungukiwa na kitu. Kinyume chake, kimempa mhakiki chombo ambacho aghalabu hakitumii ipasavyo.

Kiswahili kina jarida na kina shajara. Yote mawili yana asili ya Kiarabu, na yote mawili yanarejelea mimea: jarida ni tawi la mtende lililoondolewa majani, na shajara ni mti. Hata hivyo, katika matumizi ya Kiswahili yameachana kabisa. Jarida ni la wengi: lina mhariri, lina wachangiaji, na linamtarajia msomaji asiyejulikana. Shajara ni ya mmoja, naye huenda akawa ndiye msomaji wake wa pekee. Kiingereza kilianza kuzichanganya dhana hizi zamani. Journal des Sçavans, lililoanza Paris mwezi wa Januari 1665, lilitoka kila juma, wala si kila siku. Jina lilibaki ilhali maana ilikwisha kuhama.

Baadhi ya magazeti ya awali ya Kiswahili hayakujitambulisha kwa kipindi cha kutoka kwake, bali kwa kazi yake. Msimulizi (Unguja, 1888) lilisimulia. Kiongozi (Tanga, 1904) lilikusudia kuongoza. Al-Islah, lililotolewa Mombasa mwaka 1932 na Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, lilitangaza azma ya kurekebisha jamii. Katika majina hayo hadhira imekwisha kudokezwa: anayesimuliwa, anayeongozwa, anayerekebishwa. Shajara haina wajibu huo.

Ni vigezo gani basi vitakavyomwongoza mhakiki? Vitatu vinatosha: mkono unaoandika, msomaji anayekusudiwa, na wakati wa kuandika. Kigezo cha tatu ndicho kinachosahauliwa, nacho ndicho kizito zaidi. Mwandishi wa shajara haijui kesho. Anapoandika kwamba ana matumaini, matumaini hayo hayajathibitishwa wala kukanushwa. Mwandishi wa tawasifu anaujua mwisho, na kila tukio analolisimulia limekwisha kutiwa mwanga wa mwisho huo.

Tofauti hii inadhihirika katika fasihi ya kizuizini ya Kenya. Gakaara wa Wanjaũ, aliyekamatwa mwaka 1952 hali ya hatari ilipotangazwa, aliweka kumbukumbu kwa siri akiwa kizuizini, na kumbukumbu hizo ndizo msingi wa Mwandĩki wa Mau Mau Ithaamĩrio-inĩ (1983), kitabu kilichopata Tuzo ya Noma mwaka 1984. Kwa upande mwingine, Detained (1981) ya Ngũgĩ wa Thiong'o inaitwa shajara katika kichwa chake kidogo, lakini inafunguliwa na tarehe 12 Desemba 1978, siku aliyoachiliwa, kisha inarudi nyuma kueleza na kuhoji. Kwa vigezo vilivyotajwa, kazi hii ni tawasifu na hoja ya kisiasa iliyovaa vazi la shajara. Kusema hivyo si kuitia dosari. Ni kuonyesha nguvu yake inakotoka. Anayezisoma kazi hizi mbili kana kwamba ni za utanzu mmoja ataidai ya pili ushahidi wa papo hapo, na ataidai ya kwanza mpangilio wa hoja ambao mtu asiyejua kesho yake hawezi kuutoa.

Yamkini itapingwa kwamba shajara ikishachapishwa huhaririwa, na kwa hiyo hukaribia jarida. Pingamizi hili lina uzito. Gakaara mwenyewe alikuwa mchapishaji, na ndiye aliyetoa jarida la Gĩkũyũ na Mũmbi. Mkono ulioficha maandishi ndio ulioyapeleka mitamboni. Lakini kuvuka mpaka si kuufuta. Mhakiki anapaswa kuuliza ni nini kilichoandikwa kambini na ni nini kilichoongezwa baadaye, na swali hilo haliwezi kuulizwa na anayetumia neno moja kwa hali zote mbili.

Hivyo basi, mfasiri anayekutana na neno hili la Kiingereza asilitafutie kisawe kimoja cha kudumu. Kwanza aulize ni nani aliyeandika, alimwandikia nani, na alijua nini alipoandika. Mfungwa aliyeficha karatasi zake hakuwa akihariri jarida, na msomaji anayeambiwa hivyo amenyimwa nusu ya maana ya kazi hiyo kabla hajafungua ukurasa wa kwanza.