Kusitisha Rasimu ya Istilahi

Kazi ya usanifishaji ina wakati wake wa kusimama, nao husahauliwa mara nyingi. Wasanifu wa intaneti waliutambua: mwaka 2009 shirika la W3C liliamua kusimamisha rasimu ya XHTML 2, kwani watengenezaji wa vivinjari walikwisha shika njia ya HTML5, iliyopitishwa mwaka 2014.

Fundisho hilo latufaa sisi tutungao istilahi. Tulitazame neno mwalo. Kwa wachimbaji wa Rwamgasa, wilayani Geita, ni mahali pa kuchenjulia dhahabu. Kwa wavuvi wa Ziwa Victoria ni mahali pa kupakulia samaki. Mwenye rasimu akilifungia maana moja, atawapokonya wengine lugha yao. Heri aweke kalamu chini, akawasikilize.

Lakini rasimu isiachwe ife kimya kimya. Asitishaye hana budi kutangaza sababu na jambo linalongojewa, ama sivyo atakayemfuata ataanza kazi ile ile upya. Neno lisilo na watumiaji lisitishwe. Lenye watumiaji wanaohitilafiana lingoje. Na lililokwisha thibitishwa na midomo ya watu, kama makinikia tangu mwaka 2017, liandikwe pasipo kuchelewa.