Matokeo Huhesabiwa, Uwezekano Hupimwa: Uhakiki wa Kosa la d'Alembert na Somo Lake kwa Kiswahili

1. Utangulizi

Mafunzo ya mwanzo ya takwimu hufunguliwa karibu kila mahali kwa maswali yale yale: sarafu hurushwa, dadu huviringishwa, mpira wa rangi fulani hutolewa mfukoni bila kutazamwa. Maswali hayo yana sura ya mchezo, na hesabu zake hazizidi kujumlisha na kugawanya. Hata hivyo huwaangusha hata wanafunzi waliokwisha kushinda milinganyo mirefu. Sababu hutafutwa kwa kawaida katika udhaifu wa hesabu. Makala hii inashikilia hoja nyingine: kosa huzaliwa kabla ya hesabu, katika kusoma swali na katika kuyapa mambo majina yake. Ushahidi unatolewa na kosa mashuhuri la mtu ambaye hakuna awezaye kumshtaki kwa kutojua hesabu.

2. Makala ya mwaka 1754

Jean le Rond d'Alembert, mwanahisabati wa Ufaransa aliyeihariri Encyclopédie pamoja na Denis Diderot, aliandika katika juzuu la nne la kamusi hiyo, lililotoka mwaka 1754, makala fupi juu ya mchezo wa kurusha sarafu. Upande mmoja wa sarafu aliuita msalaba. Upande wa pili utaitwa hapa mgongo. Swali lake ni hili: mtu akirusha sarafu mara mbili, ana uwezekano gani wa kupata msalaba angalau mara moja?

Jibu lililokubaliwa na wataalamu wa wakati ule, kama lilivyo leo, ni 3/4. Matokeo ni manne: msalaba na msalaba, msalaba na mgongo, mgongo na msalaba, mgongo na mgongo. Matatu kati yake yanamfaa mchezaji. D'Alembert alilitilia shaka jibu hilo. Alisema kwamba msalaba ukitokea mara ya kwanza, mchezo umekwisha na hakuna haja ya kurusha tena. Kwa hiyo matokeo ni matatu tu: msalaba papo hapo; mgongo kisha msalaba; mgongo kisha mgongo. Mawili yanamfaa mchezaji, na jibu ni 2/3. Kwa kurusha mara tatu alipata 3/4 badala ya 7/8.

Hoja hii isichekwe upesi. Orodha ya d'Alembert ni kamili, haina tokeo lililosahauliwa wala lililotajwa mara mbili, na inaufuata mchezo kama unavyochezwa kweli. Tena shaka ya namna hiyo ilikuwa na umri wa miaka mia. Mwaka 1654, Blaise Pascal na Pierre de Fermat walipoandikiana juu ya kugawana fedha za mchezo uliokatizwa, Fermat alihesabu hata michezo ambayo isingechezwa kamwe. Na Pascal alimweleza kwamba Roberval hakuridhika na hesabu ya mambo ya kudhaniwa tu. D'Alembert alisimama palepale aliposimama Roberval.

Basi kosa liko wapi? Haliko katika orodha. Liko katika kuyapa matokeo matatu uzito mmoja. Wachukuliwe watu 400, kila mmoja akiwa na sarafu yake. Wapatao 200 watapata msalaba mara ya kwanza na kuketi. Waliobaki 200 watarusha tena, na hapo wapatao 100 watapata msalaba, na 100 wengine mgongo. Uzito wa matokeo hayo matatu ni 1/2, 1/4 na 1/4. Yale mawili ya kwanza yakijumlishwa, jibu ni 3/4. Orodha fupi ya d'Alembert na orodha ndefu ya wenzake zinafika mahali pamoja, mradi kila tokeo lipewe kipimo chake.

Jambo hilo aliambiwa angali hai. Katika makala juu ya kuwekeana dau, iliyotoka katika juzuu la saba mwaka 1757, d'Alembert mwenyewe alichapisha pingamizi la Necker, profesa wa hisabati wa Geneva, aliyeonyesha kwamba matokeo yale matatu hayalingani. Mwaka 1814 Pierre-Simon Laplace, katika insha yake ya kifalsafa juu ya uwezekano, alilirudia kosa hilo kama mfano wa kufundishia, akaweka kanuni: kugawanya idadi ya matokeo yanayofaa kwa idadi ya matokeo yote ni halali pale tu ambapo matokeo yote yanawezekana kwa kadiri moja.

Kanuni hiyo nayo inastahili kuhakikiwa. Laplace analitumia neno la kuwezekana kwa kazi mbili: kwanza kwa jambo ambalo laweza kutokea, pili kwa kadiri ya kuweza kwake. Mwanafunzi aliyeshika maana ya kwanza pekee atasoma kanuni nzima na kurudi palepale alipoachwa na d'Alembert.

3. Neno uwezekano

Hapo ndipo Kiswahili kinapoingia. Katika vyuo vya Kongo takwimu hufundishwa kwa Kifaransa. Lakini mashariki na kusini-mashariki mwa nchi, wanafunzi watokapo darasani huelezana maswali kwa Kiswahili. Neno linalowajia ni uwezekano, na mara nyingi hulitumia hivi: "Kuna uwezekano wa namna mbili, atafaulu au hatafaulu, kwa hiyo ni nusu kwa nusu." Hilo ni kosa la d'Alembert, limevaa kitenge.

Yuko atakayesema kwamba dawa ni kuliacha neno hilo na kuazima la Kifaransa. Lakini Kifaransa hakikumwokoa d'Alembert, ambaye kilikuwa lugha yake. Tena Kifaransa kinaruhusu kusema kwamba kuna possibilités mbili au tatu, kwa wingi, kama mtu anayehesabu viti. Kiswahili kina kinga ambayo haijatumiwa ipasavyo. Uwezekano ni nomino dhahania ya kiambishi u-, ndugu wa urefu, uzito na upana. Nomino hizo hazipokei wingi kwa urahisi. Hakuna asemaye kwamba gunia lina uzito tatu. Husema uzito wake ni kilo tatu. Ndiyo maana mwanafunzi, atakapo kuuhesabu uwezekano, hulazimika kupenyeza neno "namna". Sarufi imemwonya, naye amepita pembeni.

Yafaa basi onyo hilo lifanywe kanuni ya kufundishia: matokeo huhesabiwa, uwezekano hupimwa. Tokeo lina wingi wake, nalo hupangwa katika orodha. Uwezekano ni namba kati ya 0 na 1 inayoambatanishwa na kila tokeo. Atakayesema "matokeo ni mawili" hajasema bado kitu chochote juu ya nusu.

Mfano wa kuthibitisha haya uko karibu. Franka ya Kongo, tangu iliporudishwa mwaka 1998, imekuwa fedha ya noti, na sarafu ya vitabuni ni kitu ambacho mwanafunzi hana mfukoni. Badala yake achukue kifuniko cha chupa ya soda. Kikirushwa, huanguka kifudifudi au chali: matokeo ni mawili. Lakini umbo lake lenye kingo zilizopinda halitoi sababu yoyote ya kuamini kwamba pande hizo zinalingana. Ni lazima kirushwe mara nyingi na kuhesabiwa. Kifuniko hicho kinafundisha jambo ambalo sarafu hulificha: usawa wa matokeo ni dai linalotaka sababu.

4. Kusoma swali

Baada ya majina huja sentensi. Familia ina watoto wawili, na swali linasema: "Mmoja wao ni msichana." Ikichukuliwa kwamba mvulana na msichana huzaliwa kwa kadiri moja, uwezekano wa wote wawili kuwa wasichana ni upi? Ikiwa maana ni kwamba kifungua mimba ni msichana, jibu ni 1/2. Ikiwa maana ni kwamba angalau mmoja ni msichana, mipangilio inayobaki ni mitatu, na jibu ni 1/3. Ikiwa maana ni mmoja tu, jibu ni sifuri. Hesabu haiwezi kuchagua kati ya hayo. Sentensi ndiyo ichaguayo, na Kiswahili kina maneno ya kutosha kuisema kila moja waziwazi.

Hatari zaidi ni kiambishi -ki-. "Akiwa mgonjwa, kipimo kitaonyesha" na "kipimo kikionyesha, ni mgonjwa" ni sentensi zinazofanana kwa sikio, na watu huzibadilishana. Wachukuliwe watu 1000, ambao 10 kati yao wana ugonjwa fulani. Kipimo kinawatambua 9 kati ya hao 10, lakini kinawashuku kimakosa 99 kati ya wazima 990. Mgonjwa ana uwezekano wa 9/10 wa kutambuliwa. Lakini walioonyeshwa na kipimo ni 108, na wagonjwa wa kweli miongoni mwao ni 9 tu, yaani 1/12. Aliyegeuza sentensi amegeuza moja kwa kumi na mbili kuwa tisa kwa kumi, wala hakukosea kujumlisha.

5. Hitimisho

D'Alembert anastahili heshima kwa kukataa kuupokea usawa wa matokeo kwa mazoea tu. Alikosea kwa kuweka usawa mwingine mahali pake bila kuuliza swali lile lile. Mwalimu wa takwimu na mwalimu wa Kiswahili wana kazi moja hapa. Wa kwanza adai sababu ya kila usawa. Wa pili amfundishe mwanafunzi kuisikia tofauti kati ya tokeo na uwezekano, kati ya "mmoja" na "angalau mmoja", kati ya -ki- ya upande huu na -ki- ya upande ule. Daktari wa kesho ataisoma karatasi ya maabara kwa Kifaransa, kisha atamweleza mgonjwa kwa Kiswahili. Ni katika maelezo hayo, na si katika mtihani, kwamba 1/12 na 9/10 zitakuwa na mtu wa kuzibeba.