Ombi la Ufadhili Husimama Juu ya Swali: Uchambuzi wa Shahada ya Saikolojia na Uanuwai

Kati ya Oktoba na Januari kila mwaka, programu nyingi za Erasmus Mundus hupokea maombi ya shahada ya uzamili. Vijana wa Afrika Mashariki wanaojitosa si haba, na wengi wana alama nzuri. Lakini alama nzuri peke yake haitoshi, kwa kuwa wanaoshindana nao wanazo vilevile. Leo nachambua ombi moja la aina hiyo, kipande kwa kipande: ombi la Global-MINDS, shahada ya uzamili inayohusu saikolojia ya uhamaji wa watu, ujumuishi na uanuwai katika jamii. Hoja yangu ni kwamba ombi lenye nguvu husimama juu ya swali ambalo mwombaji ameliona kwao kwa macho yake, na kila karatasi anayoituma hulihudumia swali hilo.

Mfumo na fedha zake

Erasmus Mundus ni mpango wa Umoja wa Ulaya ulioanza mwaka 2004. Anayeomba haombi chuo kimoja. Anaomba muungano wa vyuo visivyopungua vitatu, kutoka nchi tatu tofauti. Global-MINDS inaratibiwa na chuo cha ISCTE cha Lisbon, Ureno. Washirika wake wamekuwa Chuo Kikuu cha Limerick nchini Ayalandi, Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwe, Chuo Kikuu cha Koç mjini Istanbul na chuo cha SNSPA cha Bucharest, Romania. Masomo ni ya miaka miwili yenye krediti 120 za mfumo wa Ulaya, na mwanafunzi wa Erasmus Mundus hulazimika kusoma katika angalau nchi mbili.

Kwa kanuni za kipindi cha 2021 hadi 2027, anayepata ufadhili hasumbuliwi na ada, na hupewa euro 1,400 kwa mwezi kwa muda usiozidi miezi 24, yaani jumla ya euro 33,600. Nauli, viza na kodi ya chumba vyote hutoka humo humo. Zamani fungu la safari lilitolewa peke yake, kwa hiyo ushauri wa mtu aliyesoma kabla ya 2021, hata akiwa na nia njema, unaweza kukupotosha kwenye hesabu. Jambo jingine la kukagua mapema: kila muungano hupewa fedha kwa idadi maalumu ya makundi ya wanafunzi, kila moja la mwaka wake. Kabla hujaandika chochote, hakikisha kundi unaloliomba lina nafasi za ufadhili.

Ombi husomwa na kamati ya wahadhiri wa vyuo mbalimbali, na huwekewa alama kwa vigezo ambavyo muungano umevitangaza. Visome vigezo hivyo kama mtahiniwa anayeonyeshwa mwongozo wa kusahihisha kabla ya mtihani. Kama uzoefu wa kazi una alama zake, usiufiche katika mstari mmoja wa mwisho wa wasifu wako.

Swali ndilo mtaji

Saikolojia ya jamii ina pengo kubwa, na pengo hilo linampa mwombaji wa kwetu nafasi ya kusema jambo. Mwaka 2008 Jeffrey Arnett alichapisha uchambuzi wa majarida makuu ya Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani. Karibu washiriki wote wa tafiti hizo, asilimia 96, walitoka nchi za Magharibi zenye viwanda, ambazo zina takriban asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Miaka miwili baadaye Joseph Henrich na wenzake wakaonya kwamba watu hao wanatofautiana sana na binadamu wengine, na haifai kuwafanya kipimo cha wote.

Tafiti zilizofanyika kwetu zinaonyesha thamani ya kuliziba pengo hilo. Mwaka 2004 mchumi Edward Miguel alilinganisha Busia ya Kenya na Meatu ya Tanzania. Busia, penye mchanganyiko mkubwa wa makabila, michango ya shule za msingi ilipungua. Meatu mchanganyiko haukuleta athari hiyo. Miguel aliihusisha tofauti hiyo na sera za kujenga taifa, Kiswahili kikiwa sehemu yake. Nchini Rwanda, Elizabeth Levy Paluck alichunguza Musekeweya, mchezo wa redio wa kuhimiza upatanisho. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 2009, wasikilizaji walibadilika kuhusu kile wanachoona jamii inakitarajia, huku imani zao binafsi zikibaki karibu palepale. Anayetoka Bujumbura, Goma au Mombasa ana maswali ya uzito huo mlangoni kwake.

Sasa tuitazame barua ya kueleza nia. Mifano miwili ifuatayo nimeitunga kwa ajili ya uchambuzi. Wa kwanza:

"Nimeipenda saikolojia tangu utotoni. Naamini programu yenu yenye sifa kubwa itaniwezesha kutimiza ndoto zangu na kuisaidia jamii yangu."

Sentensi hizi hazina kosa la lugha. Udhaifu wake ni kwamba zinaweza kutumwa kwa programu yoyote na mtu yeyote. Msomaji hajui jamii ni ipi, shida ni ipi, wala kwa nini dawa yake iko Lisbon. Wa pili:

"Katika shule niliyofundisha Kalobeyei, watoto wa Kiturkana na watoto wa wakimbizi kutoka Sudan Kusini hukaa dawati moja asubuhi. Kengele ya mapumziko ikilia hugawanyika, kila kundi chini ya mti wake. Gordon Allport aliandika mwaka 1954 kwamba kukutana hupunguza chuki pale makundi yanapokuwa na hadhi sawa, lengo moja, ushirikiano na uungwaji mkono wa wenye mamlaka. Hapa mamlaka imeunga mkono na darasa ni moja. Nataka kujifunza kupima ni sharti lipi kati ya yaliyobaki halijatimia."

Sentensi ya kwanza inataja mahali na kazi, na makazi ya Kalobeyei, nchini Kenya, ni mfano unaofaa kweli, kwani yalipangwa ili wakimbizi na wenyeji watumie huduma pamoja. Ya pili inaonyesha jambo ambalo aliyekuwa pale ndiye anayeweza kuliona. Ya tatu inathibitisha kwamba mwombaji amesoma fani yenyewe. Mbili za mwisho zinaunganisha nadharia na uwanja, kisha zinataja ujuzi anaoufuata: kupima. Kutoka hapo ni rahisi kutaja somo la mbinu za utafiti au mhadhiri anayeshughulikia mahusiano ya makundi, na sababu ya kuchagua programu inajieleza.

Huhitaji kuwa umefanya kazi na wakimbizi. Muuguzi anayeona wagonjwa wa lugha moja wakihudumiwa kwa subira na wengine kwa ukali ana swali. Mwalimu wa Dar es Salaam anayeona mtoto mwenye ualbino akitengwa ana swali. Sharti ni kwamba uwe umeliona, na uwe tayari kulieleza bila kulikuza.

Karatasi zinazolihudumia swali

Nakala ya matokeo huhitaji kufafanuliwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hutumia wastani wa hadi 5, na daraja la pili la juu ni kuanzia 3.5 hadi 4.3. Ureno hutumia alama 0 hadi 20, na 10 ndiyo ya kufaulu. Msomaji wa Lisbon akiona 3.8 bila maelezo, hana namna ya kujua kwamba ni matokeo mazuri. Changanua na ukurasa wa nyuma, ule wenye ufafanuzi wa madaraja, uutume pamoja.

Majina nayo yaangaliwe. Kama cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, cheti cha shahada matatu, na pasipoti imegeuza mpangilio, tengeneza hati ya kiapo cha majina mapema. Cheti cha IELTS, mtihani wa Kiingereza, hudumu miaka miwili tu, basi hesabu tarehe kabla ya kulipia mtihani.

Barua za mapendekezo ndizo huharibika zaidi, na mara nyingi chanzo ni mwombaji mwenyewe. Mhadhiri mwenye mamia ya wanafunzi hawezi kukumbuka tasnifu yako ya miaka mitatu iliyopita. Mwendee kwa adabu, mapema, ukiwa na rasimu ya barua yako, nakala ya matokeo, ukurasa wa vigezo na tarehe ya mwisho. Mwombe aeleze kazi moja aliyoiona ukiifanya: mahojiano uliyoyaendesha, takwimu ulizozichambua. Barua inayosema "ni kijana mwenye bidii na nidhamu" haimwambii msomaji lolote la kumsaidia kukupa alama.

Baada ya kukubaliwa

Kuhama nchi ndani ya programu kuna kazi yake. Ureno na Norwe zimo katika eneo la Schengen. Ayalandi haimo, ingawa ni mwanachama wa Umoja wa Ulaya, na Uturuki haimo kwenye eneo hilo wala kwenye umoja. Mara nyingi kibali cha nchi moja hakikupi haki ya kwenda kuishi nyingine, hivyo kila hatua inaweza kudai viza mpya, na posho ya mwezi ndiyo itakayoilipia.

Kwa kawaida posho huanza kulipwa baada ya kufika na kusajiliwa. Tiketi, viza na malipo ya awali ya chumba hutangulia. Zungumza na familia mapema kuhusu fedha hizo, badala ya kusubiri barua ya kukubaliwa ndipo mchango uanze.

Nawasihi wahadhiri wetu wasiwaandikie vijana barua za mkumbo, maana sentensi mbili za kweli kuhusu kazi ya mwanafunzi zina uzito kuliko ukurasa mzima wa sifa. Na wewe unayetaka kuomba, usianze na fomu. Andika kwanza, kwa Kiswahili ukipenda, swali moja kuhusu watu wa kwenu ambalo ungetaka kulifanyia kazi kwa miaka miwili. Likishasimama, fomu utaijaza ukijua unachokitafuta.