Lugha ya Mkataba na Lugha ya Utenzi

Tumezoea kuhakiki mashairi kwa vina na mizani. Hapa tunakusudia kuhakiki maandishi yasiyo na vina wala mizani, nayo ni Mkataba wa Versailles, uliotiwa sahihi tarehe 28 Juni 1919 baada ya Vita Kuu ya Kwanza.

Kifungu cha 119 ni sentensi moja tu. Humo Ujerumani inayaachia mataifa makuu yaliyoshinda haki zake zote juu ya makoloni ya ng'ambo. Hakuna nchi iliyotajwa, wala mto, wala kabila. Mamilioni ya watu wamepitishwa mkono kwa mkono bila kuitwa kwa jina.

Ndipo Uingereza ikapata Tanganyika, na Ubelgiji ikapata Ruanda-Urundi. Tendo hilo likaitwa udhamini. Mswahili anajua kuwa amana huwekwa na mwenyewe, na mwenyewe akiitaka hurudishiwa. Hapa aliyeweka hakuwa mwenyewe, na mwenyewe hakuulizwa.

Kionga, pembe ndogo iliyo kusini ya mlango wa Ruvuma, haikupewa hata vazi hilo la udhamini. Wajerumani waliitwaa mwaka 1894, na majeshi ya Ureno yakaiteka mwaka 1916. Mnamo Septemba 1919 Baraza Kuu la washindi likaikabidhi Ureno iwe mali yake, kwa hoja kwamba Ureno ndiyo mmiliki wake wa asili. Neno "asili" limebebeshwa mzigo usio wake. Waliokuwa wakilima na kuvua pale kabla ya bendera zote mbili hawamo katika hoja hiyo.

Sasa tulinganishe na utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, uitwao Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Jina lake pekee latosha kuwa hukumu: latutajia mtendaji, tendo na mahali. Kutamalaki ni kujifanya mwenye mali. Malenga huyo alisema waziwazi jambo ambalo wanasheria wa Versailles walilifunika.

Kwa hiyo hatuna budi kuyachunguza maneno tuliyorithi. Tukiandika katika vitabu vya watoto wetu kwamba mwaka 1919 Ujerumani "ilinyang'anywa nchi yake" ya Afrika ya Mashariki, tunatia sahihi yetu chini ya mkataba ule. Nchi haikuwa yake. Ilikuwa na wenyewe, na kazi ya mwandishi ni kuwataja.