Utani wa Angani na Kazi ya Shabiki

Filamu ya utani kuhusu safari za angani huharibika pale mtengenezaji anapojiona mwerevu kuliko kile anachokitania. Anamchukua kapteni wa chombo, anamvisha sare ya kubana, anamfanya bwege, na baada ya dakika 10 hana la kuongeza. Najua vijana wengi kati ya shule ya Laiser Hill, Kitengela na Kajiado mjini wanaandika filamu fupi wakilenga Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu la Kenya, na hadithi za sayansi ya kubuni zinawavutia sana. Kwa ajili yao nataka kuchambua jinsi filamu mbili zilivyojengwa, moja Hollywood na nyingine Wakaliga, Kampala.

Galaxy Quest ilitoka Desemba 1999, mwongozaji akiwa Dean Parisot. Inawahusu waigizaji wa kipindi cha zamani cha televisheni, kinachofanana waziwazi na Star Trek. Kipindi kilishafutwa, nao wanaishi kwa kusaini picha kwenye makongamano ya mashabiki na kupamba sherehe za kufungua maduka. Kisha wanajiwa na viumbe wa mbali, Wathermia, ambao walinasa matangazo yale wakaamini ni kumbukumbu za historia. Kwao hakuna maigizo, na uongo hawaujui. Wamejenga chombo halisi kwa kufuata kila kilichoonekana kwenye skrini.

Ufundi wa waandishi, David Howard na Robert Gordon, uko hapo. Hawakuokoteza vichekesho kimoja kimoja. Waliweka sharti moja, kwamba kila kosa la studio limegeuka kuwa chuma cha kweli, kisha wakalifuata hadi mwisho. Kwa nini ndani ya chombo kuna ushoroba wenye mitambo mizito inayopondana bila kazi yoyote? Kwa sababu siku moja kipindi kilihitaji hatari, na hakuna aliyejali kama ina maana. Kwa nini saa ya mlipuko inasimama ikiwa imebaki sekunde 1? Kwa sababu kwenye televisheni husimama hapo siku zote. Mwigizaji anayechezwa na Sigourney Weaver alipewa kazi moja tu katika kipindi, kurudia maneno ya kompyuta, na ndani ya chombo halisi anaitimiza kwa ukali hata wenzake wakichoka kumsikia. Mtazamaji anacheka kwa kuwa mambo yote yanafuata mantiki. Hakuna aliyemsukuma acheke.

Lakini anayekijua chombo kile kuliko wote si mwigizaji wa kapteni. Ni Brandon, kijana anayechezwa na Justin Long, ambaye kapteni alimfokea kwenye kongamano kwa kuuliza maswali ya kitaalamu kuhusu kitu cha kubuni. Kapteni anapokwama angani anamtafuta kijana huyohuyo. Brandon na marafiki zake wanafungua michoro yao na kumwelekeza hatua kwa hatua. Mtoe Brandon, hadithi haina pa kupita. Huo ndio upendo kwa kile kinachotaniwa: hauonyeshwi kwa hotuba kuhusu mashabiki wema, umefungwa ndani ya muundo wenyewe, kiasi kwamba elimu ya shabiki ndiyo inayookoa maisha ya watu.

Alan Rickman naye anafaa kutazamwa na kila mwigizaji chipukizi. Anacheza mtu wa jukwaa la Shakespeare anayechukia msemo wake maarufu wa televisheni. Kwenye ufunguzi wa duka anautamka kama mtu anayetema shubiri. Baadaye anautamka tena, kwa dhati, kwa kiumbe anayekata roho mikononi mwake na aliyempenda maisha yake yote. Ukumbi uliokuwa ukicheka unanyamaza.

Kamera nayo ilifanya kazi yake. Kwenye majumba ya sinema kipande cha kipindi cha zamani kilionyeshwa kwa fremu nyembamba ya 1.33 kwa 1, kama televisheni za enzi hizo. Maisha ya kawaida ya waigizaji yakapewa 1.85. Mlango unapofunguka mbele ya kapteni na anga la kweli likaonekana, picha inatanuka hadi 2.35. Picha za kompyuta zilitengenezwa na Industrial Light & Magic, karakana iliyoanzishwa na George Lucas kwa ajili ya Star Wars. Mwaka 2000 filamu ikapata tuzo ya Hugo, inayopigiwa kura na mashabiki wenyewe wa sayansi ya kubuni.

Kampala hakukuwa na karakana ya Lucas. Isaac Nabwana wa Ramon Film Productions alitengeneza Who Killed Captain Alex?, filamu ya mapigano na si ya angani, mwaka 2010 kwa fedha ambazo mara nyingi hutajwa kuwa chini ya dola 200. Utotoni alizijua filamu kwa masikio kabla ya macho: ndugu zake wakubwa walienda kutazama, wakarudi kumsimulia. Aliunganisha kompyuta yake mwenyewe kutokana na vipuri, na Dauda Bisaso akachomelea bunduki za maigizo kutokana na vyuma chakavu. Helikopta zinazolipua Kampala ni za kompyuta, na mtu yeyote anaona kwamba ni za kompyuta. Wapiganaji wanazikimbia kwa hofu kamili.

Kinachoibeba filamu ile, hata hivyo, ni sauti ya VJ Emmie. Uganda ina utamaduni wa VJ, msimulizi anayetafsiri filamu papo hapo ndani ya kibanda cha video. Watanzania walikuwa na Lufufu, na Kenya tuna DJ Afro, ambaye wengi wetu tulimsikia kabla hatujajua majina ya waigizaji wenyewe. Nabwana aliiweka sauti hiyo ndani ya filamu. Emmie anatangaza pigano kabla halijaanza, anamsifu komando, anamtania mwigizaji, anajaza kimya ambacho fedha hazikuweza kukijaza. Ni shabiki aliyepewa maikrofoni. Nakala isiyo na sauti yake haipo tena, kwani kompyuta haikuwa na nafasi ya kutunza kila kitu, ikafutwa ili kazi iliyofuata itengenezwe.

Sasa nyumbani. Galaxy Quest ilipiga picha za sayari ngeni huko Goblin Valley, jimbo la Utah, palipo na miamba ya ajabu. Kajiado ina Ziwa Magadi. Ukishapita Kiserian na Corner Baridi barabara inateremka bondeni hadi kwenye gamba la magadi, jeupe na la waridi, ambalo halihitaji kompyuta yoyote ili lionekane kuwa si dunia hii. Nendeni alfajiri, kwa sababu jua la saa sita linafuta rangi zote, na mfunike maikrofoni, upepo wa bondeni haumwachii mtu sentensi.

Hadithi nayo ipo. Mawimbi ya televisheni huenda kwa kasi ya nuru, kwa hiyo kipindi cha vichekesho cha Vitimbi kilichorushwa na KBC mwaka 1990 kimeshasafiri zaidi ya miaka 30 ya nuru. Tuseme kuna viumbe waliokinasa, wakawaona wahusika wake, Mzee Ojwang' na Mama Kayai, na wakajenga Kenya yao kwa kufuata walichokiona. Nyumba zao zote zitakuwa na kuta tatu, maana penye ukuta wa nne ndipo kamera ilipokaa. Mezani watu wote watakaa upande mmoja. Mgeni ataingia bila kungoja, sekunde ileile jina lake linapotajwa. Ni nani duniani atakayeweza kuwaelekeza? Shosho mmoja wa Kitengela ambaye hakukosa kipindi hata kimoja. Mpeni yeye mistari yote ya kitaalamu, na aiseme kama daktari anayesoma vipimo. Wanaocheza viumbe wakae kwenye nyumba ile ya kuta tatu kwa heshima zote, na yeyote kati yao akicheka, pigeni upya.