Flashi Inayojifanya Flopi

Fundi mzuri wa kompyuta mjini Kakamega utamjua kwa kazi anayoikataa. Mteja analeta mashine ya mezani, ya zile zilizochakazwa na ofisi za Uingereza kabla ya kuuzwa huku kwa jina la Ex-UK, anataka BIOS, programu inayoiamsha mashine, ipandishwe toleo kwa sababu saa inarudi nyuma kila mashine ikizimwa. Fundi anafungua kasha, anang'oa kibetri cha CR2032, anatia kipya, anarekebisha saa. Basi. BIOS haiguswi bila sababu.

Ila sababu zipo. Bodi ya zamani huenda haitambui prosesa mpya, au inaona GB 137 tu kwenye diski ya GB 160, maana walioiandikia BIOS walitenga biti 28 za kuhesabia sekta, na kila sekta ni baiti 512. Maelekezo ya mtengenezaji, yakiwa ya enzi hizo, yanaanza kwa kudai flopi. Flopi itoke wapi leo? Sony yenyewe iliacha kuziuza mwaka 2011, na hata ukiokota moja kabatini, hakuna mwenye akili atakayeikabidhi uhai wa bodi.

Hapo huja udanganyifu unaonifurahisha sana. Mwaka 1995 Phoenix na IBM walitoa utaratibu ulioitwa El Torito, jina la mkahawa wa Kimeksiko huko California. Kwa utaratibu huo, CD hubeba taswira ya flopi ya MB 1.44, nayo mashine inaamini kabisa kwamba imesoma kiendeshi A. Baadaye flashi ikairithi hila hiyo. FreeDOS, mradi ulioanzishwa na Jim Hall mwaka 1994, hutiwa kwenye flashi kwa programu kama Rufus, kisha faili la BIOS na programu ya kuliandika hunakiliwa humo humo.

Fundi wa pupa angeanza sasa. Mwenye kujua anaisoma kwanza namba iliyochapwa kwenye bodi yenyewe, si ile ya kasha, kwani bodi mbili za jina moja zinaweza kuwa za matoleo tofauti, na BIOS ya hii ikaiua ile. Anaihifadhi BIOS ya zamani. Halafu anatazama nje.

Kakamega mvua hupenda kushuka alasiri, na radi zake si za mchezo. Stima ikipotea chipu ikiwa imefutwa na haijaandikwa, bodi haina tena hata neno la kueleza inapoumwa. Kwa hiyo kazi ni ya asubuhi, na ni ya UPS iliyokwisha kujaribiwa kwa kung'oa plagi ukutani makusudi. Laptopu ina nafuu ya betri, na nyingi hugoma kuandikwa kama chaji ni ndogo au chaja haijachomekwa. Kisha anabonyeza, anaondoa mikono. Simu ikiita, iite.

Na bodi ikifa? BIOS nyingi za kampuni ya Award zilibakiza kipande kidogo kisichofutwa, cha kuiokoa mashine. Kikiamka, kinakwenda kutafuta flopi! Njia inayobaki ni kuifuata chipu yenyewe: kama ni ya miguu minane, ni kibano na kifaa kidogo cha CH341A kilichochomekwa kwenye kompyuta nyingine. Chipu nyingi hutaka volti 3.3, nyingine 1.8, na kukosea hapo kunaweza kuiunguza. Inasomwa mara mbili, nakala zinalinganishwa. Zikipishana hata kwa baiti moja, kibano hakijakaa, kinapangwa upya. Nakala hiyo hutunzwa hata kama imeharibika, kwa kuwa mara nyingi ndani yake mna namba ya mashine hiyo pekee, ambayo faili la mtengenezaji halina. Ataihamishia kwenye faili jipya kwa mkono, baiti baada ya baiti, kabla ya kuandika.

Mashine inawaka. Fundi anaingia kwenye mipangilio, anairudisha ya kiwandani, anahakikisha diski inasoma GB 160 zote, anafunga kasha. Mteja, ambaye hakuona kitu chochote kikiongezwa humo ndani, anauliza sasa analipia nini.