Mafuta Yaliyoiokoa Kompresa ya Skrubu

Heinrich Krigar alipata hataza ya kompresa ya skrubu nchini Ujerumani mwaka 1878. Wazo lilikuwa zuri, ila karakana za wakati wake hazikuweza kuchonga chuma kwa usahihi wa kuizuia hewa isirudi ilikotoka.

Ugumu wote uko hapo. Rota mbili zilizosokotwa huzunguka ubavu kwa ubavu ndani ya kasha. Moja ina migongo, mara nyingi minne. Nyingine ina mifereji, mara nyingi sita. Hewa huujaza mfereji, mlango wa kuingilia hufungwa, kisha mgongo huingia mferejini na kuisukuma hewa mbele katika nafasi inayozidi kupungua hadi kwenye tundu la kutokea. Hakuna pistoni ya kwenda na kurudi, na upepo hutoka bila kukatika. Lakini penye rota na rota, na penye rota na kasha, lazima pabaki upenyo, na hewa iliyoshindiliwa huponyokea hapo.

Katika miaka ya 1930, Alf Lysholm wa Sweden aliifufua mashine hii akitafuta kompresa ya turbaini ya gesi. Rota zake hazikugusana. Gia ndizo zilizozipanga. Ili hewa inayovuja iwe sehemu ndogo tu ya inayosukumwa, ilibidi zizungushwe kwa kasi kubwa sana.

Ufumbuzi uliofuata ndio ninaouthamini kuliko umbo la skrubu lenyewe: mafuta yaliingizwa mferejini, hewa ikiwa inashindiliwa. Mafuta hayo huziba upenyo, na hulainisha kiasi kwamba rota moja huizungusha nyingine bila gia. Pia hubeba joto. Hewa ya nyuzi 20 za Selsiasi, shinikizo lake likiongezwa mara nane bila kupoozwa, hupita nyuzi 250. Yenye mafuta kwa kawaida hutoka chini ya 100. Baadaye mafuta huchujwa na kurudishwa kazini.

Lakini kupoza huko kuna kikomo: fundi wa pwani yenye unyevu, kama Mombasa au Tanga, asifurahie kompresa inayofanya kazi ikiwa baridi mno. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80, ikishindiliwa kiasi hicho hicho, huanza kudondosha maji inapopoa hadi nyuzi 67 hivi. Maji hayo huingia kwenye mafuta, na beringi huanza kuliwa na kutu. Valvu ya joto, inayoyazuia mafuta yasipite kwenye rejeta kabla hayajapata moto, isiondolewe.